Uzi wa vibonyeo: kabla hujaipeleka tarumbeta kwa fundi wa bodi za magari, soma hapa

Yufoniamu ya Vihiga (mwanzisha uzi)

Wadau wa bendi, hamjambo nyote. Kila Januari, mazishi na sherehe za Disemba zikishapita, maswali ni yale yale: koneti imebonyea, besi imekaliwa, troboni haiteremki. Na majibu nayo ni yale yale: peleka jua kali wagonge. Nimenyamaza muda mrefu. Leo naandika yote ninayoyajua, na mwenye ujuzi zaidi anirekebishe.

Nianze na kisa changu, maana ndicho kilichonifanya nijifunze kazi hii.

Yufoniamu ninayopuliza, yaani chombo kikubwa cha shaba chenye sauti nene, ni mali ya kanisa, na imepita mikononi mwa watu watatu kabla yangu. Miaka zaidi ya kumi iliyopita tulikuwa tunarudi kutoka mazishini upande wa Luanda, vyombo vimefungwa juu ya matatu kwa kamba za mpira. Kabla ya kufika Majengo gari likaruka tuta, kamba ikakatika, yufoniamu ikaanguka barabarani. Tulipoiokota ilikuwa na majeraha matatu. Kona ya chini ilikuwa imeingia ndani kama yai lililokaliwa. Beli, yaani ule mdomo mpana unaotoa sauti, ilikuwa imekunjika upande mmoja. Na lile bomba jembamba linaloelekea kwenye vali, vile vitufe vya kubonyeza kubadilisha noti, lilikuwa na kibonyeo kidogo kama alama ya kidole gumba. Hakuna kilichopasuka. Naomba mlishike hilo, hakuna kilichopasuka. Chombo kile kingepona kabisa.

Wiki iliyofuata tukaipeleka kwenye karakana moja ya kunyoosha bodi za magari. Fundi alifanya kazi kwa bidii, siku nzima hakukaa chini. Alipitisha chuma kirefu kupitia kwenye beli hadi pale kilipogota, akagonga kutoka nje kuzunguka kibonyeo, kisha akawasha gesi akaipasha shaba moto hadi ikawa nyekundu ili ilainike, akagonga tena. Jioni ile kibonyeo kimoja kilikuwa kimezaa vibonyeo ishirini vidogo. Rangi ya kinga ilikuwa imeungua. Vishikizo viwili vilikuwa vimeachia, na kwenye kona ya chini kulikuwa na ufa mrefu kama kidole. Niliibeba nyumbani nikilia, na sioni haya kuliandika hilo.

Sasa tuelewe kwa nini mambo yaliharibika.

Shaba ya manjano ya matarumbeta mengi ni takriban asilimia 70 kopa (shaba nyekundu) na asilimia 30 zinki. Ukuta wa beli una unene wa karibu nusu milimita tu. Bati la gari ni nene kuliko hapo, tena ni chuma. Na bodi ya gari fundi anaifikia pande zote mbili, mkono mmoja nje na mwingine ndani. Bomba la tarumbeta limejifunga. Ukigonga nje na ndani hakuna kitu, shaba haina pa kukimbilia ila chini zaidi.

Halafu shaba ina tabia ya kukomaa. Kila ukiikunja au kuigonga inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu kupita kiasi inapasuka. Jaribu na kipande cha waya wa shaba, ukikunje na kukinyoosha pale pale mara kadhaa. Mwanzo kinakubali, kisha kinakataa, mwisho kinakatika. Kwa hiyo kila pigo unalolipiga bila mpango unaikopa shaba uhai wake.

Ni kweli ukiipasha moto inalainika tena, na viwandani hufanya hivyo kwa makusudi wakati wa kuiunda beli. Lakini joto lenyewe ni la nyuzi 500 hadi 600 hivi, na risasi ya kulehemu inayoshikilia vishikizo huyeyuka karibu na nyuzi 190. Kabla shaba haijalainika, viungo vya tarumbeta yako vimeshaachana. Na beli iliyolainishwa hubaki legevu, ukiiweka vibaya mezani inabonyea. Wahunzi wetu wa majembe na mapanga wamezoea chuma, ambacho ukikitosa majini kikiwa moto kinakuwa kigumu. Shaba haiko hivyo. Itose majini au iache ipoe yenyewe, laini ni laini. Ugumu wake haurudi kwa maji, unarudi kwa kufanyiwa kazi.

Baada ya msiba ule nilitafuta hadi nikampata mzee mmoja wa Kisumu, nyuma ya soko la Kibuye, aliyekuwa akirekebisha vyombo vya bendi za makanisa na za shule. Aliniruhusu kukaa kando ya meza yake katikati ya juma, nikawa naosha na kung'arisha huku namwangalia. Kwa takriban mwaka mzima hakunipa nyundo. Kanuni yake ilikuwa moja: kinachonyoosha kiwe ndani, kiwe laini kama kioo, kiwe na umbo la bomba lenyewe. Cha nje ni cha kusaidia tu.

Basi kazi inakwenda hivi.

Kwanza osha. Toa vali, toa slaidi zote, yaani mabomba yanayochomoka, osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, pitisha brashi ndefu hadi maji yatoke safi. Watu huona hatua hii ni ya usafi tu, kumbe ndiyo nusu ya kazi. Punje moja ya mchanga ikibaki kati ya chuma na ukuta wa bomba, unapoisukuma gololi, lile tufe la chuma la kunyooshea, inachora kipele kinachoonekana nje, na kipele hicho ni kigumu kukiondoa kuliko kibonyeo ulichoanza nacho.

Pili, pata gololi. Mafundi wa nchi za nje hununua seti nzima za gololi za chuma zinazopishana ukubwa kidogo kidogo. Sisi tunatumia gololi za beringi za magari. Kibuye zinapatikana kwa wauza vyuma chakavu, na siku kubwa ya soko ni Jumapili, lakini Jumapili mimi niko kanisani kwa hiyo naenda siku za juma. Shida ya gololi za beringi ni kwamba saizi zinaruka. Unapata ya milimita 12, inayofuata ni 15, na wewe unataka 13 na nusu. Hapo nenda kwa fundi wa kukereza chuma, mpe kipimo, akukerezee umbo la pipa dogo na aling'arishe hadi ujione usoni. Kwa fimbo ya kulisukumia tumia chuma cha mviringo kilicho laini. Usitumie nondo ya ujenzi, ile mistari yake inakwaruza ndani.

Unaanza na gololi ndogo inayopita kwa urahisi chini ya kibonyeo. Funga fimbo kwenye vaisi, gololi iwe kwenye ncha, paka mafuta, vika bomba juu yake. Sasa chombo ndicho kinachotembea, si nyundo. Unakibonyeza chini na kukisogeza mbele na nyuma, ukianzia PEMBENI mwa kibonyeo, si katikati. Hapa ndipo wengi hukosea. Kibonyeo kina bonde, na kuzunguka bonde kuna tuta dogo ambako shaba imejikunja. Ukisukuma katikati kwanza, bonde linapanda lakini tuta linabaki, na utapata pete isiyotoka tena. Zunguka ukingoni, uingie ndani kidogo kidogo. Kisha badilisha gololi, chukua kubwa zaidi, hadi ufikie ile inayolijaza bomba sawasawa.

Mwisho, gololi ikiwa bado ndani, sugua nje kwa chuma laini kilichong'arishwa na kupakwa mafuta. Nyundo, kama itatumika kabisa, ni nyepesi, uso wake umeng'arishwa, na inagonga pale tu ambapo chini yake kuna chuma. Sikiliza mlio. Kukiwa na chuma chini, mlio ni mkali na mfupi. Ukisikia mlio mfu, acha mara moja, unagonga hewa.

Kwenye kona hakuna fimbo inayopita. Pale unatumbukiza gololi inayojaza bomba, unaifuatisha na nyingine ndogo kidogo, unakitikisa chombo ili ile ndogo iigonge kubwa na kuisukuma mbele. Kubwa ikishapita kibonyeo, unatumbukiza ndogo upande wa pili na kuirudisha. Ni kazi ya mikono na masikio, na inachosha mabega. Usiingize gololi kwenye kona kabla hujajua itatokea wapi, kwa sababu bomba la yufoniamu linapanuka kuelekea upande mmoja, na gololi inayopita upande mpana inakwama upande mwembamba.

Kwa leo niishie hapo. Ulizeni.

Binti wa Section 58

Fundi, asante sana. Mimi ni mwalimu wa muziki hapa Nakuru. Shule ina tarumbeta tano na koneti moja. Zote zina vibonyeo isipokuwa tarumbeta moja. Fedha za kurekebisha zote hazipo, na tamasha la muziki linakuja. Nataka kujua kama vibonyeo vinaharibu sauti kweli au ni sura tu. Nitumie senti chache nilizonazo wapi?

Pia tarumbeta mbili kipulizio, kile kipande cha kuwekea mdomo, kimekwama. Wavulana walijaribu kwa koleo nikawazuia.

Bodi Safi Shabab

Nami ni wa Nakuru, na ni fundi wa bodi za magari. Naomba niseme kitu kwa heshima. Fundi aliyekuharibia yufoniamu alikosea, sikatai. Lakini usituweke wote kapu moja. Fundi wa bodi aliyefundishwa vizuri hagongi hewa. Tuna kile kipande cha chuma tunachokishika nyuma ya bati, na tunajua bati lililotanuka kupita kiasi halirudi kwa kugongwa. Hayo ya kuanzia ukingoni uliyoyaeleza ndiyo tunayofundisha vijana wetu siku ya kwanza.

Swali langu: sisi siku hizi tuna njia ya gundi. Unabandika kishikio juu ya kibonyeo kwa gundi ya moto, ukivuta kinatoka bila kugusa rangi. Kwa nini isitumike kwenye tarumbeta?

Yufoniamu ya Vihiga

Fundi wa Shabab, umenirekebisha kwa haki. Nilipoandika kichwa cha uzi nilikuwa nawaza karakana moja, nikawabebesha wote. Niwie radhi.

Kuhusu gundi: bati la gari ni pana, limetandazwa, na rangi yake ni nene. Bomba limepinda, kwa hiyo kibonyeo kimejifunga kama tao na kinahitaji nguvu nyingi zaidi kukitoa. Kabla hakijasogea, gundi imeachia, au imebandua ile rangi ya kinga ambayo kwenye tarumbeta ni nyembamba mno. Lakini wazo la kuvuta si baya. Pale gololi isipofika kabisa, tunalehemu kijiti cha shaba katikati ya kibonyeo kwa risasi, tunakivuta pole pole, kisha tunaiyeyusha risasi na kusafisha. Inaacha alama, na rangi pale inakwenda. Ni njia ya mwisho, lakini ipo.

Mwalimu, nitarudi kwenye vipulizio. Kuhusu sauti kuna mwenzetu hapa anayejua kuliko mimi.

Fizikia Maseno

Nimeitwa, nimeitika. Nafundisha fizikia na napuliza besi.

Mwalimu, jibu fupi ni kwamba inategemea kibonyeo kiko wapi. Tarumbeta ya kawaida, ile ya Si bemoli, ina bomba la urefu wa karibu mita 1.5. Kipenyo cha ndani sehemu ya vali ni kama milimita 11.7, na beli mwishoni ni kama milimita 123. Kibonyeo cha kina cha milimita 3 kwenye beli hewa haikihisi. Kibonyeo hicho hicho kwenye bomba jembamba kimeziba sehemu kubwa ya njia.

Jibu refu kidogo: unapopuliza, hewa ndani ya bomba husimama kama wimbi. Kuna mahali ambapo mgandamizo hupanda na kushuka sana huku hewa yenyewe ikisogea kidogo, na kuna mahali ambapo hewa husogea sana huku mgandamizo ukitulia. Ukilibana bomba pale penye mgandamizo mkubwa, noti inapanda kidogo. Ukilibana pale hewa inaposogea sana, noti inashuka. Sasa kila noti ina mpangilio wake wa sehemu hizo, kwa hiyo kibonyeo kimoja kinaweza kupandisha noti hii na kushusha ile. Ndiyo maana utasikia mwanafunzi analalamika kuwa noti moja tu ndiyo inayomsumbua, nyingine ziko sawa. Usimwambie anakosea mdomo kabla hujalitazama bomba.

Kwa senti chache: tengeneza kwanza bomba linalopokea kipulizio, kisha slaidi ya kupangia sauti, kisha mabomba ya vali. Beli iache mwisho.

Binti wa Section 58

Hii imenisaidia kuliko semina nzima. Nimekwenda stoo sasa hivi na tochi. Tatu kati ya zile zilizobonyea zimebonyea beli tu. Moja ina kibonyeo kwenye bomba la kipulizio. Na koneti beli imekunjika kama chapati iliyokunjwa nusu.

Yufoniamu ya Vihiga

Basi tatu ziache, zipulizwe. Nasema hivi kwa moyo wote, maana kila kibonyeo unachokitoa kinaigharimu shaba kidogo, na beli yenye alama bado ni beli.

Vipulizio vilivyokwama: uliwazuia vijana kwa wakati. Koleo linakwaruza, lakini baya zaidi ni kule kuzungusha. Bomba la kipulizio ni jembamba na limelehemiwa kwenye vishikizo viwili vitatu. Ukizungusha kwa nguvu unalisokota kama kamba, na hapo umeingia kazi ya kubadilisha bomba zima. Tia mafuta ya kupenya pale kipulizio kinapoingilia, acha usiku mzima, kisha gonga kidogo kidogo kuzunguka kwa kijiti cha mbao. Kikikataa, tengeneza kivutio: vipande viwili vya chuma bapa vilivyokatwa mwanya wa kukumbatia bomba, na boliti mbili. Kipande kimoja kinakaa dhidi ya ukingo wa bomba, kingine nyuma ya kikombe cha kipulizio. Unazungusha boliti robo mzunguko huku, robo kule, kwa zamu, vipande vinatengana na kipulizio kinatoka kimenyooka. Fundi wa Shabab anaweza kukitengeneza asubuhi moja.

Kikitoka, angalia ncha yake. Kipulizio chenyewe kikianguka, ncha hubonyea ikawa yai badala ya duara. Kuirudisha kuwa duara ndiyo kazi bora ya kujifunzia: kichuma chenye umbo la karoti kilichong'arishwa, unakiingiza, unagonga kidogo kwa mbao, unakizungusha, unagonga tena.

Troboni ya Webuye

Fundi, mimi slaidi ya troboni ina kibonyeo kidogo sana, hata hakionekani, unakihisi kwa kucha tu. Lakini kwenye nafasi ya nne inagota. Nina gololi ya saizi, nijaribu?

Yufoniamu ya Vihiga

Hapana, ndugu yangu. Naomba usijaribu. Kazi ya slaidi ya troboni ni kali kuliko zote. Bomba la ndani lina sehemu iliyonenepa kidogo mwishoni, kama sentimita 12, na hiyo tu ndiyo inayogusa bomba la nje. Nafasi iliyobaki kati yao ni ya filamu ya mafuta. Gololi inagusa mahali padogo tu, itakitoa kibonyeo na kuacha kipele. Slaidi inahitaji chuma kirefu kilichonyooka kabisa, cha kipenyo cha bomba lenyewe, na mtu anayejua kukitumia. Pia lazima mabomba mawili yaende sambamba. Yalaze juu ya kioo cha dirisha: likicheza, limepinda. Mimi mwenyewe slaidi sizigusi, huwa nazipeleka Nairobi.

Na wote mnaosoma: hali ni hiyo hiyo kwa nyumba za vali, yale mabomba mafupi ambamo pistoni hupanda na kushuka. Pistoni ikigota, usiipige msasa. Ukishaipunguza pistoni hewa inavuja milele. Osha kwanza, tia mafuta ya vali, hakikisha namba 1, 2 na 3 ziko kwenye nyumba zake, maana watoto huzichanganya. Kama nyumba yenyewe imebonyea, funga sanduku upeleke kwa mtu mwenye vifaa.

Kondele Kwetu

Na sumaku? Nimeona video mtu anaweka gololi ndani, sumaku nje, anazungusha tu kibonyeo kinapotea kama mazingaombwe.

Yufoniamu ya Vihiga

Ni kweli, na ni njia nzuri mno. Shaba haivutwi na sumaku, lakini gololi ya chuma iliyo ndani inavutwa, kwa hiyo sumaku inaikandamiza gololi dhidi ya ukuta na wewe unaisafirisha popote, hata kwenye kona. Lakini inataka sumaku kubwa ya neodimiamu. Nilijaribu ile nyeusi ya spika kuukuu, haina nguvu ya kutosha, gololi inafuata lakini haikandamizi. Ukiipata ya nguvu, ishike kwa adabu. Inaweza kukuponda kidole kati yake na chuma, na mwenye kifaa cha kusaidia moyo asiikaribie kabisa. Weka karatasi laini au plastiki kati yake na rangi ya tarumbeta.

Mama Koneti

Habari za jioni wanangu. Mimi nimepuliza koneti tangu usichana, kwenye bendi ya Jeshi la Wokovu huku Kakamega. Nyumba yetu yote ni ya bendi, na Jeshi lenyewe liko Kenya tangu 1921, kwa hiyo vyombo vikuukuu tumeviona. Sisi tulikuwa tunang'arisha kwa limau na majivu. Zinang'aa kweli. Lakini koneti yangu imeanza kuwa na madoa ya rangi ya waridi. Ni limau?

Yufoniamu ya Vihiga

Mama, shikamoo. Asante kwa kuingia.

Inawezekana ni mambo mawili tofauti, na ni muhimu kuyatenganisha. Asidi ya limau ikikaa muda mrefu huondoa zinki juu juu, kopa ikabaki, na uso wote unakuwa na wekundu mwepesi. Hiyo ukisugua inaisha. Majivu nayo yanakula shaba kidogo kidogo kila Jumamosi, na kwenye chombo chenye rangi ya kinga yanaiondoa rangi yenyewe. Kitambaa laini kinatosha.

Lakini ukiona vidoa vidogo vya waridi vyenye kiini cheusi katikati, hasa kwenye bomba la kipulizio, hiyo ni kuoza kutoka ndani. Mate na uchafu vimekaa ndani miaka mingi, zinki imetoka, kilichobaki ni kopa yenye vishimo kama sifongo. Kinachoonekana nje ni mwisho wa safari, si mwanzo. Na hapa narudi kwenye mada: bomba lililooza USILINYOOSHE. Gololi ikipita itatoboa. Linabadilishwa. Kwa kulikinga, mwaga maji yote kabla hujafunga sanduku, pitisha kitambaa, na usipulize ukiwa umetoka kutafuna muwa au kunywa soda. Huku kwetu muwa uko kila kona, najua ni vigumu.

Mama Koneti

Viini vyeusi vipo. Vitatu. Basi nimeelewa. Asante mwanangu.

Bodi Safi Shabab

Nimetengeneza kile kivutio, nikawasiliana na mwalimu wa Section 58, leo nilikuwa shuleni kwake. Kipulizio cha kwanza kilitoka kwa robo mizunguko sita. Cha pili kimekataa, nimekiacha na mafuta hadi kesho.

Sasa nataka nijaribu ile koneti iliyokunjika beli. Nielekeze. Nyundo nimeiacha karakana kwa makusudi.

Yufoniamu ya Vihiga

Umenifurahisha sana.

Beli iliyokunjika inaonekana mbaya kuliko ilivyo, kwa sababu upande mmoja uko wazi na mkono unafika. Tumia mti wa kusukumia chapati, ule ulio laini bila nyufa. Tandika blanketi mezani, ilaze beli mkunjo ukiwa chini, mti ndani, na ubonyeze ukiuviringisha kuanzia kwenye miisho ya mkunjo kuelekea katikati, kama unavyosukuma unga ulio mgumu. Usiufungue kwa mkupuo mmoja. Fungua nusu, pumzika, tazama duara kwa jicho kutoka mbele, endelea. Ukifika asilimia tisini, acha mti.

Kwa yaliyobaki unahitaji umbo la beli la kulalia. Mimi langu nilichonga kwa mpera, mti wa mpera uliokauka ni mgumu na hauna nyuzi za kuchora. Unasugua nje kwa chuma laini juu ya umbo hilo. Ukingo wenyewe una waya ndani yake, kwa hiyo usiugonge. Chukua kipande cha mbao ngumu, kata mwanya mwembamba, ukingo uingie kwenye mwanya, na upinde kidogo kidogo.

Mstari mwembamba utabaki pale palipokunjika. Uache. Shaba pale imeshakomaa, ukiung'ang'ania utapasuka.

Bodi Safi Shabab

Imechukua saa mbili na nusu. Mstari umebaki kama ulivyosema, na kidole kilikuwa kinaniwasha niuondoe. Nimeuacha. Bati la gari lingenisamehe, hili niliona kabisa linaanza kukataa.

Msichana mmoja wa kidato cha pili akaipuliza pale pale. Nimefanya kazi ya bodi miaka kumi na tisa na sijawahi kusikia kitu nilichokinyoosha kikitoa wimbo.

Binti wa Section 58

Ninathibitisha. Na kile kipulizio cha pili kimetoka asubuhi hii. Ile tarumbeta yenye kibonyeo kwenye bomba nimeisafisha kama ulivyosema, nikaona madoa mawili ya waridi yenye kiini. Kwa hiyo haitanyooshwa. Bomba jipya nitalipataje?

Yufoniamu ya Vihiga

Pole mwalimu, lakini afadhali umeiona mapema. Pima kipenyo cha nje cha bomba mwanzoni na mwishoni, na urefu wake wote, kwa kipimo cha milimita. Usitumie rula ya darasani, fundi wa Shabab ana kipimo cha kubana. Andika namba hapa pamoja na jina la kiwanda na namba iliyochongwa kwenye nyumba ya vali ya pili. Kama kiwanda bado kipo, tutaagiza. Kama hakipo, ninayo mabomba mawili niliyoyatoa kwenye tarumbeta zilizokufa, moja ni zima kabisa ndani.

Jumamosi nina mazishi Emuhaya. Jumatatu niko Kisumu kwa fundi wa kukereza, nitakwenda nalo nilipime.

Bodi Safi Shabab

Kipimo ninacho. Kesho saa nne niko shuleni.